Nilivyoifuata Hela ya Leseni Yangu Hadi Majini

Tangu nirudi kutoka kusini sinywi kahawa kwa raha. Nikikaa barzani tu, mmoja ananipa mkono wa pongezi kwa kuoa. Wa pili ananipa pole kwa kuzama. Wa tatu, na huyu ana mdomo mchafu, ananiuliza kama ni kweli nimeikamata boti yangu mwenyewe ikivua palipokatazwa. Nikianza kusimulia, nikifika katikati anakuja mtu mpya, nnaambiwa nianze tena, na kahawa inapoa. Basi nimeandika. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, lakini kuandika najua, na anayetaka kuucheka mwandiko wangu kwanza anioneshe boti yake.

Kwa asiyenijua, mimi ni Makame wa Amani. Nilianza na karai la kukaangia samaki pale Darajani, moshi ukinitoa machozi mpaka watu wakidhani nimefiwa. Karai likazaa genge, genge likazaa boti. Kuogelea sijui. Watu wanashangaa, ati mwenye boti hajui kuogelea. Mbona mwenye gari hawamuulizi kama anajua kukimbia?

Chanzo cha safari ni mkutano wa wenye boti na watu wa uvuvi. Walikuwa wanasema mambo ya hifadhi, matumbawe, vizazi vijavyo. Nikasimama.

"Kila mwaka nnalipa leseni," nikasema. "Hela zinakwenda wapi? Nioneshwe kitu kimoja. Kimoja tu, nikishike kwa mkono wangu!"

Nikapigiwa makofi. Makofi yalikuwa hayajesha, akainuka afisa mmoja mwanamke, Bi Zuwena, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho.

"Mzee Makame, kesho nnapeleka maboya Kiwambani, kusini. Yamenunuliwa kwa fedha za leseni. Gari ina nafasi. Twende ukayashike."

Mkutano mzima ukacheka. Ningesema nina shughuli, ningechekwa mpaka Ramadhani.

"Twende," nikasema. "Na sirudi mpaka niyaone yanaelea."

MALINDI HADI AMANI, KUFUATA KOTI

Asubuhi nikafika Malindi, bandarini kwetu mjini. Boti yangu ilikuwa inajitayarisha kuondoka, na nahodha wangu Khatibu akanipigia kelele kutoka majini, "Mzee, leo twende upande gani?"

"Popote penye samaki! Leseni nshalipa, bahari yote yetu!"

Nasema hivyo kila siku. Lishikeni neno hilo, litarudi.

Maboya yalikuwa manne, ya manjano, kila moja kubwa kama pipa la maji, yameshapakiwa kwenye kenta. Ubavuni yameandikwa kwa rangi nyekundu nzito: ENEO LIMEFUNGWA. Rangi yenyewe ilikuwa mbichi, fundi kaichelewesha. Bi Zuwena akahofia vumbi la njiani, akayafunika yote kwa kanga mpya, akayafunga vizuri kama watu wanaoona baridi.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii ndiyo leseni yangu?"

"Sehemu yake, mzee."

"Naona inavaa vizuri kuliko mimi."

Hapo nikakumbuka sikuvaa koti. Siwezi kuwaendea watu wa kusini na kanzu tupu, wakasema mjini hakuna wazee. Tukapita nyumbani Amani. Mke wangu, Bi Asha, alinipokea mlangoni na maneno.

"Beseni langu la kufulia liko wapi?"

"Beseni gani?"

"La waridi. Tangu Idi silioni."

"Mama, mimi nnakwenda kuhifadhi bahari, wewe unaniuliza beseni?"

"Anza kuhifadhi nyumba."

Nikachukua koti nikatoka.

Ndani ya gari Bi Zuwena akanieleza habari yenyewe, na nikiri kwamba mpaka hapo nilikuwa sijaiuliza. Wanawake wa Kiwambani wanachokoa pweza kwa miguu, maji yakitoka, kwenye mwamba ulio mbele ya kijiji chao. Mwamba ule wameufunga wenyewe kwa miezi, pweza wakue wazaane, na siku ya kufungua imeshakaribia. Tabu ni kwamba wa kijiji wanajua mpaka uko wapi, wageni hawajui, au wanajifanya hawajui.

"Kesho ni bamvua," akasema. "Maji yanatoka mpaka mbali, mwamba unakuwa mwepesi kwa kila mtu. Maboya lazima yaingie leo jioni, maji yakijaa. La sivyo boti za nje zitaingia, na ukiwashika watakuuliza alama iko wapi."

"Leo jioni!" nikasema. "Mwanangu, kusini si Uarabuni. Tutafika kabla ya adhuhuri, tupate na usingizi."

KIZIMBANI, AMBAKO SI KUSINI

Dereva wetu Sele ni kijana mpole, na wapole ndio wanaokupoteza. Tulipotoka mjini nikaona mikarafuu. Nikaona mikarafuu zaidi.

"Sele, kusini tangu lini kuna mikarafuu hivi?"

"Napitisha mzigo mdogo Kizimbani, mzee. Dakika tu."

Mzigo mdogo ulikuwa miche, imejificha nyuma ya maboya, na wa kuipokea alikuwa kenda mazikoni. Mlinzi akasema yeye hapokei, kwa sababu mara ya mwisho alipokea mbuzi na mbuzi akafa. Tukakaa. Bi Zuwena akawa anatembea huku na huku akitazama jua. Mimi nikanunua shokishoki, nikamenya, nikala, nikamlaumu Sele, nikanunua tena. Nilimlaumu kwa utaratibu mzuri mpaka mafungu ya shokishoki yakesha.

Mwenye kupokea aliporudi, adhuhuri ilishapita, na Kiwambani ilikuwa mbali kuliko ilivyokuwa asubuhi.

KIJIJI CHA PILAU

Tulipita Tunguu vizuri. Mbele yake, kwenye kijiji ambacho sitakitaja maana watu wake ni wema na nimeshawatia aibu ya kutosha, kenta ikaanza kutoa mvuke. Sele akasimamisha mbele ya nyumba yenye watu wengi, ili aombe maji ya rejeta.

Sasa tazameni waliyoyaona wao. Gari ya mjini. Mzee amekaa mbele, kanzu, koti, kofia ya kiua. Pembeni yake mwanamke kajistiri vizuri. Nyuma kuna mizigo mikubwa minne imefunikwa kanga mpya.

Vigelegele vikapigwa mpaka nikashika kofia.

Kabla mguu wangu haujagusa chini, wanawake wameshamchukua Bi Zuwena mikono miwili na kuingia naye ndani. Mimi nikapokewa na mzee mwenzangu, jina lake Mzee Ame, uso wake umejaa furaha.

"Assalaam alaykum! Tumekungojeeni tangu asubuhi!"

"Waalaykum salaam. Tulikwama Kizimbani."

Moyoni nikasema, kumbe watu wa kusini wanaithamini leseni kiasi hiki! Mjini tunailipa kwa matusi, huku inapigiwa vigelegele.

"Mzigo umefika salama?" akauliza Mzee Ame.

"Salama. Yote minne."

"Minne!" Akaigeukia gari. "Sisi tuliambiwa mmoja."

"Serikali imeongeza."

Akanisogelea. "Serikali imo?"

"Ndiyo iliyonunua. Lakini hela tumetoa sisi."

"Mashaallah. Kumbe kijana ana watu wazito."

Nikadhani anamsema Sele. "Kijana ni mzuri," nikasema, "ila anapenda njia ndefu. Udereva huo."

"Dereva? Tuliambiwa mwalimu."

"Labda zamani."

Mkeka ukatandikwa, sinia likaja. Nawaambia kweli, pilau ile ilikuwa na nyama nyingi kuliko wali, na kachumbari yake ilinifanya nimsamehe Sele. Bi Zuwena sikumwona. Nikadhani naye anakula.

"Na mtaondoka leo leo?" akauliza Mzee Ame.

"Leo hii. Kesho kazi ya majini."

"Harusi leo, kesho majini?"

Neno harusi nililisikia, lakini mdomo ulikuwa umejaa, na nikadhani ndivyo wanavyoiita furaha yao ya maboya. "Bamvua halingoji," nikajibu.

Akatikisa kichwa. "Watu wa mjini, nyie!"

Ndipo zikaja gari nyingine, na humo wakashuka wazee wenye kanzu kama zangu, na vijana, na begi moja la nguo za bibi harusi. Begi moja tu, la magurudumu. Wakasimama wakatutazama mimi, sinia, na mizigo minne. Wakati huohuo shangazi wa bibi harusi, ambaye subira imemshinda, kapanda kwenye kenta na kufunua kanga.

"Eneo limefungwa," akasoma kwa sauti. Akalifunua la pili. "Eneo limefungwa." Akatugeukia. "Jamani, hivi ndivyo vitanda?"

Watu wote wakanigeukia mimi. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Aliyeanza kucheka ni Mzee Ame, naye akacheka mpaka akashikwa asianguke. Wale wa begi, ndio watu wa bwana harusi wenyewe, hawakucheka sana. Begi lao lilishaonekana dogo.

Nikamwita Bi Zuwena tuondoke. "Naam!" akaitikia kutoka ndani, akatoka mikono ameinyosha mbele kama mtu anayesukuma gari. Hina, mpaka kwenye viwiko.

"Nimewaambia mimi ni afisa uvuvi," akasema, karibu alie. "Wakanambia hata wifi akiwa afisa hutiwa hina. Na ufunguo wa gari Sele kanipa mimi, uko mkobani, mkoba uko ndani, na sijui wameuweka wapi."

Mkoba ulikuwa umefungiwa chumbani kwa bibi harusi, na chumba hakifunguliwi mpaka ndoa isomwe. Ndoa nayo ikakwama, maana shahidi wa upande wa bwana harusi gari yake imeharibika njiani. Mzee Ame akanitazama. Ningekataaje, na pilau yake iko tumboni mwangu? Nikakaa mbele ya shehe, nikashuhudia. Hapo ndipo ilipopigwa ile picha mliyotumiana kwenye simu zenu. Bwana harusi ni yule kijana pembeni, mliyemkata.

KIWAMBANI, KWA BI MWANA

Tulifika jua linakaribia kuzama na maji yameshaanza kutoka. Pwani alisimama mwanamke mrefu, mikono kiunoni. Huyo ndiye Bi Mwana, mwenyekiti wa kamati ya uvuvi ya pale. Nyuma yake wanawake wenzake walikuwa wamekaa juu ya mawe ya zege waliyoyafinyanga wenyewe, ya kutilia nanga maboya.

"Shikamoo, bi," akasema Bi Zuwena.

"Marahaba. Maji yamekwenda. Ngalawa haipiti tena mpaka asubuhi." Akasogea karibu, akavuta pumzi. "Nyie mnanuka pilau."

Bi Zuwena akaficha mikono nyuma. Mimi nikatazama bahari kama mtu anayeijua.

Tulilala kwake. Chakula kilikuwa muhogo na chai kavu.

"Hakuna pweza kidogo, bi?" nikauliza.

"Tumemfunga."

"Kwetu mjini pweza hakosekani."

"Najua," akasema Bi Mwana. "Ni wa kwetu."

Baadaye akasema, bila kunitazama, "Kufunga ni neno langu mimi. Nimewashika wenzangu miezi, wanalima mwani, watoto wanalia mboga, nawaambia subirini, subirini. Wageni wakiuvua mwamba kesho, siku nyingine nikisema tufunge, watanifungia mlango mimi. Na watakuwa na haki."

Sikuomba chai nyingine.

MAJINI

Alfajiri Bi Zuwena alikuwa mchangani anayaandika upya maboya, maana kanga zilikuwa zimeondoka na herufi nusu. Mikono yake ya hina ilikuwa mizuri sana kwa kazi ile. Mara tukasikia mashine. Boti ikaja moja kwa moja mpaka juu ya mwamba, ikazima, watu wakajitosa na mikuki.

Wanawake wakapiga kelele. Mimi, kwa sababu nilikuwa na deni la pilau, nikapiga kubwa kuliko wote. Nikaingia maji ya magotini.

"Wezi! Mwenye boti hiyo hana haya! Hajalelewa! Kama ana mke, mke kapata hasara!"

Kijiji kizima kikanisikia, na naona kilianza kunipenda. Kisha boti ikageuka ubavu, nikaona juu ya mashine kumefunikwa kitu cha kuzuia maji. Kitu cha duara. Cha waridi.

Mkono niliounyanyua nikaushusha.

"Unawajua hao?" akauliza Bi Mwana.

"Beseni nalijua."

Khatibu aliponiona akafurahi kwelikweli. Akaileta boti karibu. "Shikamoo mzee! Umefikaje huku?"

"Marahaba. Nyie mmefikaje?"

"Mwenyewe umesema twende popote. Leseni nshalipa, bahari yote yetu, umesema."

"Hapa pamefungwa, Khatibu!"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Na alama iko wapi?"

Alama zilikuwa nyuma yangu, zimekaa mchangani, zinakauka rangi. Zingekuwa majini tangu jana kama mimi nisingekuwa shahidi wa ndoa ya watu. Wanawake wote wakanitazama, si Khatibu, mimi. Khatibu hoja alikuwa nayo, na boti ni yangu, mafuta yangu. Ningeweza kusema basi, jamani, alama hapana, kosa hapana. Mkutanoni ningesema hivyo na ningepigiwa makofi.

"Waite watu wako watoke majini," nikasema. "Pweza mliowapata wote washushwe mbele ya bi huyu. Kisha pakieni hayo mawe ya zege."

"Mawe? Boti ya samaki hii, mzee."

"Leo ni ya mawe. Ngalawa zao zitabeba moja moja mpaka maji yatukimbie. Pakia!"

Bi Mwana akapanda wa kwanza, akakaa mbele kabisa. "Boti ya mwizi siiachi peke yake."

"Bi, mimi si mwizi."

"Umesema mwenyewe, na kwa sauti. Tena hujalelewa."

Tukatia la kwanza. La pili. La tatu. Kila moja likizama kidogo kisha likiruka juu, wanawake wa pwani wakipiga vigelegele, na safari hii vilikuwa vya kwetu kweli. Bamvua likaanza kuvuta maji. La nne nikataka kulisukuma mwenyewe. Nilitaka kulishika kwa mkono, kama nilivyosema. Jiwe likatangulia, mnyororo ukafuata, na mnyororo ukanasa mfuko wa koti langu, ukanivuta.

Wanaosema nilizama waongo. Niliingia, nikaona maji ya kijani, nikasikia koti linachanika, nikatoka. Na nilipotoka mbele yangu kulikuwa na kitu cha manjano.

"Mzee, shika boya!" akapiga kelele Khatibu.

Nilikuwa nshalishika kabla hajamaliza, kwa mikono miwili na miguu yote. Shavu langu lilikuwa juu ya herufi. Nikahisi linanibeba, zito, halitikisiki, jiwe lake liko chini limekaa, nami naning'inia kama kaa.

Bi Mwana akachungulia kutoka botini, hana haraka hata kidogo. "Mzee Makame! Linaelea?"

"Linaelea!"

"Lina nguvu?"

"Nitoeni, bi, nitakujibu!"

"Nataka jibu kwanza."

"Lina nguvu! Lina nguvu!"

Ndipo wakanitoa. Siku hiyohiyo boti nyingine mbili zilikuja mpaka karibu, zikayaona maboya, zikageuka. Mimi niliziona kwa macho yangu, nimekaa pwani, nimefungwa kanga.

Adhabu yangu aliitoa Bi Mwana papo hapo. Beseni linabaki Kiwambani mpaka siku ya kufungua mwamba.

KURUDI AMANI

Bi Asha alikuwa ameshaiona picha. Alikaa ukumbini kanyooka, simu mkononi, maneno ameyapanga. Nikavua kilichobaki cha koti, akaiona kanzu. Kifuani, kwa rangi nyekundu, kinyumenyume lakini inasomeka: ENEO LIMEFUNGWA.

Akasoma taratibu. Akaweka simu chini.

"Hapo," akasema, "wameandika vizuri. Ilitakiwa siku nyingi."

Habari ya picha haikusemwa tena. Habari ya beseni ikasemwa kila siku, mpaka mwamba wa Kiwambani ulipofunguliwa, na Sele akasimamisha kenta mlangoni. Safari hii hakupitia Kizimbani. Alishusha beseni la waridi, limejaa pweza, mikono yao inaning'inia nje, mikubwa ambayo tangu siku za karai langu sijaiona. Bi Mwana alituma na salamu, kwamba wenzake wameshakubaliana kufunga tena, na kwamba aliyesema kwanza tufunge safari hii si yeye.

Juzi tumekuwa na mkutano mwingine wa wenye boti. Niliivaa kanzu ileile. Rangi imekataa kutoka na mimi sikuilazimisha. Nilipoinuka watu wakaanza kucheka mapema, na mmoja nyuma akapaaza sauti, "Mzee Makame, leo huulizi hela za leseni zinakwenda wapi?"

"Nshaziona," nikasema. "Nshazikumbatia."

Kisha nikamgeukia Bi Zuwena, hina yake imeshafifia.

"Mwanangu, swali langu la leo ni hili. Mbona manne tu?"